Kujitolea kwenye meza ya kampeni sokoni: mwongozo kamili kwa miji ya masoko ya Dodoma

Mtu aliyefika Kibaigwa na magunia kumi ya mahindi ana mambo matatu kichwani: bei ya leo, mzani, na usafiri wa kurudi. Meza yenu ya kampeni haimo katika hesabu zake. Akisimama, amewakatia dakika mbili za biashara yake, na kazi ya anayejitolea pale ni kuzitendea haki dakika hizo: mtu asikilizwe, jambo lake liandikwe, na siku ya soko inayofuata akute jibu. Tenti, bendera na vipeperushi vipo kwa ajili ya hilo tu.

Mwongozo huu ni wa wanaojitolea wa chama chochote kwenye masoko na minada ya katikati ya nchi: Kibaigwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi, mnada wa Msalato na kwingine kunakofanana na huko. Mkutano wa hadhara una wazungumzaji wake, na nyumba kwa nyumba ina mabalozi wake. Meza ya sokoni ni kazi nyingine kabisa, nayo huharibika kwa sababu zake yenyewe.

Jua kwanza ni uchaguzi upi

Watu watawauliza, na ninyi mkichanganya mmekwisha. Uchaguzi Mkuu una kura tatu kwa Tanzania Bara: Rais, Mbunge na Diwani. Unasimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kampeni zake huchukua takriban miezi miwili. Mwaka 2025 zilianza tarehe 28 Agosti, zikafungwa 28 Oktoba, kura zikapigwa tarehe 29. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, unasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na una muda mfupi mno: mwaka 2024 kampeni zilikuwa siku saba tu, 20 hadi 26 Novemba. Kwa uchaguzi wa namna hiyo mji wenye gulio la mara moja kwa wiki unawapa siku moja ya soko, basi. Mkiikosa kwa sababu tenti haijafika, hakuna nyingine.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ni wa daftari. Aliyejiandikisha kwenye orodha ya mtaa wake kwa ajili ya kumchagua mwenyekiti hajajiandikisha kwa Tume, na mwenye kadi ya Tume hayumo moja kwa moja kwenye orodha ya mtaa. Hayo ni madaftari mawili tofauti. Kila anayekaa mezani aweze kulieleza hilo kwa sentensi mbili bila kusoma popote.

Nani akae mezani, nani asikae

Watu wanne kwa zamu wanatosha, na zamu isizidi saa tatu. Wawili wanasimama mbele ya meza, mmoja anakaa na daftari, wa nne ni msimamizi: anashika barua, anaangalia mazingira, anapokea polisi, viongozi wa soko na watu wenye hasira. Wakizidi sita, meza inageuka kijiwe cha chama. Wanapiga soga wao kwa wao, na mwenye haya zake anapita kando.

Wanawake wawe angalau nusu. Katika masoko yetu sehemu kubwa ya wauza mboga, karanga, unga na chakula ni akina mama, na wengi hawatasimama kuzungumza siasa na vijana wanne wa kiume. Awepo pia mtu anayejua Kigogo vizuri. Kule Kondoa awepo wa Kirangi. Salamu ya "Mbukwenyi" kwa kundi la wazee wa Kigogo inafungua mlango ambao kipeperushi cha rangi hakiwezi kuufungua, lakini itoke kwa mtu anayeweza kuendelea na mazungumzo baada yake.

Dalali wa soko asikae mezani hata kama ni kada mzuri. Nusu ya wakulima wanamdai au wanadaiwa naye, na hakuna atakayelalamikia mambo ya soko mbele yake. Mtumishi wa umma asijitolee kabla ya kusoma kanuni za utumishi wake kuhusu siasa, na aliyeomba kazi ya usimamizi wa kituo cha kupigia kura akae mbali na meza ya chama chochote. Wanafunzi wenye sare wasitumwe kugawa chochote.

Ruhusa: ratiba moja na barua moja

Chama huwasilisha ratiba ya kampeni kwa Msimamizi wa Uchaguzi, na baada ya vyama kukubaliana inatoka ratiba ya pamoja ambayo polisi nao wanayo. Wapo wanaosema meza si mkutano, haihitaji kuwemo. Ushauri wetu ni kuiweka kwenye ratiba: mkiwa na bendera, fulana na spika, askari atakayepita ataona mkusanyiko, naye hatakuwa na muda wa kujadili tafsiri. Angalieni pia ratiba ya wenzenu. Kama chama kingine kimepewa uwanja wa soko saa 8 mchana, ninyi muwe mmeshafunga na kuondoka saa 7.

Barua ni ya wenye soko. Soko ni mali ya halmashauri, lakini anayejua nani anakaa wapi ni meneja wa soko pamoja na mwenyekiti wa wafanyabiashara. Nendeni kwao siku tatu kabla, kwa miguu yenu, mkiwa na barua ya katibu wa kata wa chama inayotaja siku, saa, ukubwa wa eneo (mita 3 kwa 3) na jina la msimamizi wa meza. Kama kuna ushuru wa eneo, lipeni na mchukue risiti ya mashine. Chama kisicholipa ushuru ambao mama muuza nyanya analipa kimejibu maswali mengi kabla hayajaulizwa.

Chapeni nakala tatu za kila karatasi: moja kwenye faili la plastiki mezani, moja kwa msimamizi, moja ofisi ya kata. Picha kwenye simu haitoshi, kwani simu huzima chaji.

Mahali pa kuweka meza

Kibaigwa ipo juu ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, na miji mingi ya masoko ya mkoa huu imekaa hivyo hivyo. Kishawishi ni kuweka meza kando ya lami mabasi yaione. Msifanye hivyo. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati kila upande, malori ya mahindi yanarudi nyuma bila kuona, na abiria wa basi linalokwenda Dar es Salaam hana muda na ninyi.

Tafuteni pale watu wanapopunguza mwendo wenyewe: karibu na lango la kutokea sokoni, kwenye njia ya kwenda kwa mama lishe, au karibu na stendi ya bodaboda na bajaji. Lango la kutokea ni bora kuliko la kuingilia. Anayeingia ana mzigo na wasiwasi wa bei, anayetoka ameshauza. Kaeni hatua kumi hadi kumi na tano pembeni ya mkondo wa watu, ili anayesimama asizibe njia ya mkokoteni. Wachukuzi wenye magunia mgongoni wasikwame kwa ajili yenu hata mara moja.

Msizibe mbele ya duka wala meza ya mtu, hata akikubali kwa mdomo, maana saa 4 asubuhi wateja wake wakianza kupita mbali atajuta na mtagombana. Msikae mlangoni mwa msikiti, kanisa, shule au zahanati. Na msikae karibu na kilabu cha pombe; ya asubuhi yanavumilika, ya saa 9 mchana hayavumiliki.

Sasa upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba, kipindi ambamo kampeni za Uchaguzi Mkuu huangukia, upepo wa Dodoma hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi na kubeba vumbi. Mgongo wa tenti uelekee huko. Hiyo ina maana uso wa meza unatazama magharibi, na baada ya saa 8 jua litawapiga usoni. Hakuna njia ya kukwepa yote mawili. Chagueni kujikinga na upepo, na mpange kufunga mapema. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama utosini kabisa, kwa hiyo kivuli cha ukuta au mti mliokitegemea asubuhi hakitakuwepo saa 6.

Vifaa

Kwa siku moja ya soko kubwa, hivi vinatosha:

- Tenti ya mita 3 kwa 3 yenye fremu ya chuma, na pazia moja la upande.
- Viroba vinne vya mchanga, kilo 20 hivi kila kimoja. Ardhi ya sokoni imeshindiliwa na malori, vigingi haviingii.
- Meza moja ya mita moja na nusu, viti viwili vya plastiki vya wageni (wazee na wajawazito), na kimoja cha mwandishi.
- Kitambaa cha meza kinachofika chini, ili mabegi yakae ndani yasionekane.
- Vipeperushi 300 vya nusu karatasi, katika mafungu ya 50.
- Kaunta buku moja ya kwaya mbili na kalamu tano za bluu.
- Vibanio vya nguo dazeni mbili, mipira ya tyubu iliyokatwa vipande, mkasi, gundi ya karatasi.
- Ilani ya chama, nakala moja kamili, na karatasi moja ya maswali kumi na majibu yake.
- Maji ya kunywa lita 3 kwa kila anayejitolea, kofia, na kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Mfuko mkubwa wa taka.

Mipira ya tyubu inastahili maneno mawili. Bango lililofungwa kwa kamba ya katani au waya likipigwa na upepo wa Dodoma huchanika kwenye vitobo vya pembeni, au huivuta fremu ya tenti mpaka ipinde. Ukilifunga kwa mipira ile ile ambayo bodaboda anafungia mizigo kwenye keria, bango linanyumbuka na kurudi. Kateni vipande vya sentimita 40, viwili kila kona. Fundi baiskeli yeyote sokoni anayo tyubu mbovu.

Spika kubwa haihitajiki. Kipaza sauti cha mkononi kinatosha kwa tangazo la dakika moja kila nusu saa, na kizimwe wakati wa adhana na wakati mnadishaji anafanya kazi yake. Muziki mfululizo unavuta watoto na kufukuza wazee, na anayetaka kuuliza jambo lake la aibu, kama deni la pembejeo au mgogoro wa shamba, hataliuliza kwa kupiga kelele.

Kila kitu mlichoazimwa kiandikwe: tenti ya fulani, pikapu ya fulani, thamani yake kwa siku. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inataka michango ihesabiwe, na ile isiyo ya fedha taslimu imo. Mweka hazina wa kampeni akija kuulizwa miezi mitatu baadaye, hatakumbuka tenti ilikuwa ya nani.

Asubuhi ya siku yenyewe

Maadili ya uchaguzi yanaweka kampeni kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Soko linaamka mapema zaidi, kwa hiyo fikeni saa 12 na nusu, simamisheni fremu, wekeni viroba, kunjeni bango lisionekane, kisha mkae. Msigawe karatasi hata moja kabla ya saa 2. Muda huo utumieni kusalimia majirani: anayeuza mitumba kushoto, mama wa vitumbua kulia. Waambieni msimamizi wa meza ni nani na mtaondoka saa ngapi. Jirani aliyeambiwa atawalindia meza mkienda kujisaidia. Asiyeambiwa atakwenda kushtaki kwa mwenyekiti wa soko.

Kiroba kifungwe kwenye mguu wa tenti chini kabisa, kwa mipira miwili, kisiachwe kimelala tu juu ya kanyagio. Upepo wa ghafla, ule unaozunguka na vumbi, huinyanyua tenti kwa upande mmoja kwanza. Tenti ikianza kupepea msishike nguzo kwa mikono. Shusheni miguu nusu, subirini upite.

Vipeperushi viwe mafungu mawili tu juu ya meza, kila fungu limebanwa kwa vibanio au jiwe safi. Vingine vibaki chini ya kitambaa. Meza iliyojaa karatasi hadi ukingoni inasema "chukueni mwende zenu", nayo upepo ukipita mtakimbizana nazo hadi stendi.

Bendera ya mti mrefu itazamwe waya za umeme juu. Mabango yasibandikwe kwenye nguzo za umeme, miti, wala kuta za vibanda bila ridhaa ya mwenye kibanda. Kamwe msibandue wala kufunika bango la wenzenu.

Dakika mbili za mazungumzo

Hapa ndipo penye kazi. Wawili waliosimama mbele wasimame pembeni ya meza, mikono mitupu isipokuwa kipeperushi kimoja kimoja. Msimfuate mtu kwa hatua zaidi ya mbili. Msimwite kwa mavazi wala kabila lake: hakuna "we Mmasai", hakuna "mama kanga nyekundu". Mzee ni "shikamoo mzee wangu", mama mtu mzima ni "shikamoo mama", wa rika lenu ni kaka na dada, mwenye biashara ni "habari za biashara". Utani wa makabila uachwe nyumbani hata kama aliyeuanza ni yeye. Kwenye meza ya chama utani huo unasikika kama tamko la chama, na lugha ya ukabila na udini imekatazwa kwenye kampeni.

Baada ya salamu ulizeni swali moja, na liwe juu yake. Mfano wa mazungumzo yanayokwenda vizuri:

— Shikamoo mama. Pole na jua.

— Marahaba. Mna nini hapo?

— Tunauliza kila anayepita: ni jambo gani likirekebishwa lingekupunguzia mzigo?

— Nyie mkishapata mnapotea, mwanangu.

— Wengi wametuambia hivyo, ndiyo maana tunaandika, na Jumatano ijayo tuko hapa hapa. Unatokea wapi, mama?

— Matui.

— Matui ni Kiteto. Basi diwani na mbunge wako si hawa wa kwenye karatasi zetu; kwa hapa tunakutana kwenye kura ya Rais tu. Lakini soko unalitumia. Kuna jambo la soko?

— Lumbesa. Mzani upo, lakini mnunuzi anataka gunia lifurike.

— Naandika kama ulivyosema: "mzani upo, lakini mnunuzi anataka gunia lifurike." Ni sawa?

Tazama yaliyofanyika. Aliyelalamika hakubishiwa. Hakuna aliyeahidi kuikomesha lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Akaulizwa anakopigia kura, swali ambalo wengi husahau. Soko la Kibaigwa linapokea wauzaji kutoka Kiteto iliyo Manyara na Gairo iliyo Morogoro, na wanunuzi na madereva kutoka mbali zaidi. Kwa mgombea udiwani, sehemu kubwa ya wanaopita mbele ya meza hawana kura ya kumpa. Wapokeeni kwa heshima ile ile, lakini mkihesabu "tumeongea na watu 120" bila kujua wangapi ni wa kata yenu, mnampelekea mgombea hesabu ya uongo. Na maneno ya mama yakarudiwa kwake kama alivyoyasema. Mtu akisikia sentensi yake ikisomwa anajua imeandikwa.

Kipeperushi kinatolewa mwishoni, kwa anayekitaka. Kikitolewa mwanzoni kinakuwa ndiyo mwisho wa mazungumzo: anapokea, anakunja, anaondoka, na jioni kinafungia karanga. Ukitoa 80 kwa watu 80 walioongea, umefanya kazi kubwa kuliko aliyemaliza 300 kabla ya saa 4.

Maswali yatakayorudi kila siku ya soko mnayajua: bei ya mahindi na alizeti, ushuru wa mazao, mbolea ya ruzuku kuchelewa, maji, barabara ya kwenda mashambani, mikopo ya halmashauri ya vijana, wanawake na wenye ulemavu. Karatasi yenu ya maswali kumi iwe na majibu yaliyotoka kwenye ilani, na namba ya ukurasa. Jambo lisilomo jibuni hivi: "Hilo silijui, naliandika, jibu utalikuta hapa soko lijalo." Ahadi ya kujitungia ndiyo kosa baya kuliko yote ya mezani. Kijana anasema kwa nia njema "kisima mtapata", na kufika jioni kitongoji kizima kinasema mgombea ameahidi kisima. Kesho yake mgombea anaulizwa jukwaani, hana habari, na anaonekana mwongo kwa maneno ambayo hakuyasema.

Kumtaja mgombea mwingine kwa ubaya hakufai hata mkichokozwa. Anayesema "mimi ni wa chama kile" aambiwe karibu, aulizwe swali lile lile. Mara nyingi huyo ndiye mwenye malalamiko yaliyonyooka.

Kaunta buku

Chora safu sita: namba, saa, jambo kwa maneno yake, kata anayopigia kura, simu (akiridhia), na nani atajibu. Mwandishi asiandike muhtasari wake. "Maji" ni neno lisilo na kazi. "Bomba la karibu na ghala lina maji usiku tu" linaweza kupelekwa mahali.

Simu ni hiari, na mtu aambiwe itatumika kwa nini: kumpa jibu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu na ninyi mnaokusanya majina na namba. Kumwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp la kampeni kwa sababu aliuliza habari za mbolea ni kumkosea. Daftari lisiachwe wazi mezani, na lisipigwe picha.

Kadi ya mpiga kura msiiguse. Usiombe namba yake, usiipige picha, hata mwenyewe akikuonyesha. Anayeuliza amejiandikisha wapi mwelekezeni aangalie majina yanayobandikwa kituoni, au aulize ofisi ya mtendaji wa kata. Aliyepoteza kadi asikate tamaa: mwaka 2020 Tume iliruhusu aliyemo kwenye daftari kutumia kitambulisho cha Taifa, pasi ya kusafiria au leseni ya udereva. Asikilize tangazo la Tume la uchaguzi husika.

Jioni hiyo hiyo, msimamizi na katibu wa kata wanakaa na daftari kwa saa moja. Kila jambo linapewa mtu: hili ni la mgombea udiwani, hili limo ilani ukurasa fulani, hili si la siasa kabisa, huyu aelekezwe Wakala wa Vipimo. Kabla ya soko linalofuata majibu yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja ya manila, na ining'inizwe mbele ya meza: "Mliuliza… Jibu…" Matano au sita yanatosha, bila jina la mtu. Karatasi hiyo inasimamisha watu wengi kuliko picha ya mgombea.

Soda, fulana na hela ya mafuta

"Mnatoa nini?" mtaulizwa kabla ya saa 3. Jibu ni "tunatoa karatasi na masikio." Vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, vilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na kumpa mpiga kura kitu ili akuunge mkono ni kosa linaloweza kumwangusha mgombea mahakamani hata akishinda. Kwa hiyo hakuna soda ya wageni, hakuna chumvi, hakuna kanga, hakuna vocha. Maji yenu yakae chini ya kitambaa. Mzee aliyezidiwa na jua mpeni maji na kivuli kama binadamu yeyote, bila fulana begani mwake.

Waendesha bodaboda watakuja kuulizia mafuta ya msafara. Hilo lisizungumzwe mezani hata kidogo. Ni la mweka hazina, ofisini, kwa orodha na saini. Noti mbili zikionekana zinabadilishana mikono penye meza, nusu saa baadaye mna umati wa vijana arobaini wanaodai zao, na siku imekwisha. Kula nako kuwe kwa zamu, kwa mama lishe, kila mtu analipa sahani yake au chama kinalipa kwa risiti.

Mambo yakiharibika

Askari akifika, msimamizi peke yake ndiye anayezungumza. Anasalimia, anatoa faili, anasubiri. Akiambiwa waondoke, wanaondoka, wanaandika saa na kilichosemwa, na katibu anafuatilia kwa Msimamizi wa Uchaguzi au kwenye kamati ya maadili. Kubishana pale hakujawahi kurudisha tenti.

Wafuasi wa chama kingine wakipita na ngoma na matarumbeta, kaeni chini, punguzeni sauti, waache wapite. Wakisimama mbele yenu, zimeni kipaza sauti kabisa. Ugomvi wa sokoni unamwaga nyanya za mtu asiyehusika, na huyo hatasahau. Mlevi apewe kiti upande wa nyuma na mtu mmoja wa kumsikiliza, mbali na daftari. Watoto wakijaa, msimamizi awaombe waende. Msiwape stika, kwa sababu watarudi na wenzao.

Anayepiga picha aulize kwanza, na sura za waliokuja mezani zisiwekwe mtandaoni. Mfanyabiashara anauza kwa watu wa vyama vyote. Picha yake mbele ya bendera yenu inaweza kumpunguzia wateja.

Kufunga

Saa 9 mchana soko limepungua, jua linawapiga usoni, na subira imekwisha kwa kila mtu. Fungeni. Mmoja azunguke mita 50 kila upande na mfuko wa taka aokote vipeperushi vyote, vyenu na visivyo vyenu. Picha ya mgombea iliyokanyagwa kwenye matope ya maji ya samaki huwa inapigwa picha na kusambazwa. Mwageni mchanga wa viroba mlikoutoa, aganeni na majirani, rudisheni risiti zote kwa mweka hazina siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ya kampeni, ile ya kuamkia kupiga kura, mezani pasiwe na kitu baada ya saa 12 jioni. Shusheni mabango mliyobandika. Karatasi ya manila ya mwisho iwe na maswali ambayo hayajajibiwa, ipelekwe kwa mgombea mwenyewe, akishinda au akishindwa. Kurasa za daftari zenye maswali hayo zibaki ofisi ya kata chini ya kufuli mpaka wenye nayo wajibiwe. Namba nyingine zote za simu zifutwe kwa kalamu nzito, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya watu wawili.